Barua ya wazi kwa wakubwa wa kazi na ajira: mtu akipata kazi nyingine msidhani hasara imeisha

Kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira, wabunge wetu wa Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe, wakuu wa mikoa hiyo, na ndugu zetu wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii.

Shikamooni wakubwa, na kwa wale wa huku kwetu, kamwene.

Naandika nikiwa Mafinga na nitaenda moja kwa moja maana najua mna makaratasi mengi. Kila kiwanda kinapofungwa au kupunguza watu, mkija mnauliza swali moja tu, je wamelipwa stahiki zao? Mkijibiwa ndiyo, au mkijibiwa taratibu zinaendelea, kikao kinafungwa, picha zinapigwa, msafara huo unaondoka. Sasa mimi nasema hilo ni swali la mwezi wa kwanza. Swali ambalo sijawahi kumsikia kiongozi akiuliza ni kwamba huyu mtu mwaka wa tano toka atoke pale getini anaingiza shilingi ngapi kwa mwezi? Maana kazi nyingine tunapata jamani, huku kwetu ukikaa tu baridi na njaa vitakumaliza, shida ni kwamba hiyo kazi nyingine inalipa nusu ya ile ya mwanzo, na inalipa nusu mwaka huu, mwakani na mwaka wa baada ya hapo, na nyie kwenye vitabu vyenu mnaandika huyu ameshapata shughuli.

Mimi nilikuwa stoo kipa kwenye kiwanda kimoja cha chai Mufindi, jina sitataja, siyo lengo la barua. Sasa hivi naandika hesabu za mbao kwa mtu binafsi hapa mjini. Nalipwa, sijalala njaa, lakini mshahara ni mdogo kuliko niliokuwa nao, NSSF hakuna, likizo hakuna, na mwenye mali akisafiri wiki mbili na mimi wiki mbili sina hela. Na mimi ndo wa kuonewa wivu kati ya wenzangu.

Kuna mwenzetu mmoja alikuwa chumba cha kunyaushia majani. Kwa ambao hamjaingia kiwandani, jani bichi likitoka shamba linatandazwa kwenye vitanda virefu vya wavu, feni inapuliza hewa kwa chini, linapoteza maji taratibu kabla ya kwenda mashine ya kukata. Ukilitoa mapema mashine inatoa uji, ukichelewa chai inakosa rangi na ladha. Huyu bwana alikuwa anapita usiku kitanda kwa kitanda, anachota konzi ya majani anayafinya, akiachia anaangalia donge linavyofumuka, anapinda kikonyo kuona kama kinakatika au kinalala, halafu anasema hiki bado, kile fungua. Mwezi wa sita ukungu ukishuka anajua aongeze moto kiasi gani, mwezi wa kumi jua likiwaka anajua apunguze. Miaka 19 alikuwa anafanya hiyo kazi na mshahara wake ulipanda kidogo kidogo kwa sababu hiyo, maana kuharibu jani la usiku mmoja ni hasara kubwa kuliko nyongeza yake ya mwaka mzima.

Leo anapakia mbao kwenye semi, analipwa kwa ubao. Yule mwenye mbao hana ubaya wowote, ila vile vidole vinavyojua jani lililofika havimsaidii chochote kwenye biashara yake, anachonunua yeye ni mabega, na mabega ya mtu wa miaka 48 yanashindana na ya kijana wa miaka 22 aliyeshuka jana kutoka kijijini. Kwa hiyo mtu aliyekuwa fundi amerudishwa sifuri, na akianzia sifuri akiwa na umri ule hafiki tena kule alikokuwa, hata afanye kazi usiku na mchana.

Msije mkasema huyu stoo kipa analia na lake. Hili jambo limepimwa, siyo hapa, Marekani huko, na wao wana mifumo kutuzidi. Mwaka 1993 wachumi watatu, Jacobson, LaLonde na Sullivan, walitoa utafiti wao wa jimbo la Pennsylvania, wakafuatilia watu waliokuwa wamekaa muda mrefu kwa mwajiri mmoja halafu wakapoteza kazi makampuni yao yalipopunguza watu kwa wingi miaka ya 80. Walikuta kwamba hata miaka mitano sita baada ya kutoka, watu hao walikuwa bado wanapungukiwa karibu asilimia 25 ya kipato ambacho wangekuwa nacho kama wasingepoteza kazi. Yaani mtu yupo kazini, anaamka asubuhi anaenda, lakini robo ya hela yake haipo na hairudi. Na walikuta kitu kingine ambacho sisi wa viwandani tukikisoma tunacheka kwa uchungu, kwamba kipato kilianza kushuka kabla hata mtu hajatolewa, kama miaka mitatu kabla hivi. Tunajua hiyo. Inaanza na ovataimu kufutwa, halafu shifti zinakuwa tatu kwa wiki, halafu mshahara unachelewa tarehe, siku tangazo linabandikwa getini wewe ulishakuwa maskini zamani.

Halafu 2011 wachumi wengine wa huko, Davis na von Wachter, wakapiga hesabu ya hasara nzima, siyo ya mwaka mmoja. Mwanaume wa kule akipoteza kazi kwenye upunguzaji wa watu wengi wakati uchumi uko vizuri, hasara yake ya miaka inayofuata ukiijumlisha ni kama mapato ya mwaka mmoja na miezi mitano hivi ya ile kazi yake ya zamani. Akiipoteza wakati ukosefu wa ajira umezidi asilimia 8, inakuwa mapato ya karibu miaka mitatu, 2.8 kwa hesabu yao. Najua Pennsylvania siyo Mufindi, na kule kuna mji mwingine wa kuhamia wenye viwanda vingine, hapa kiwanda kikifungwa kilichobaki ni mti na jembe. Kwa hiyo sioni sababu ya sisi kuumia kidogo kuliko wao.

Sasa tuchukue sheria yetu tuipige hesabu, hapa ndo naomba msome polepole.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mtu akiachishwa analipwa kiinua mgongo, angalau siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliomaliza, lakini mwisho ni miaka 10. Yule bwana wa kunyausha alikuwa na msingi wa laki nne na elfu ishirini. Ukigawa kwa siku 26 za kazi inakuja kama elfu kumi na sita kwa siku, mara siku 70, ni kama milioni moja na laki moja na kidogo. Miaka yake mingine tisa, ile aliyokuwa ameiva zaidi na hasara ya kumtoa ni kubwa zaidi, sheria inasema haipo. Kijana aliyefanya miaka 10 na mzee aliyefanya miaka 30, kama mshahara ni ule ule, wanaondoka na bahasha sawasawa. Nani aliona hii ni haki? Hata huko Pennsylvania waliokuwa wanafuatiliwa ni wale wa muda mrefu, kwa sababu ndo wanaopoteza zaidi, sisi ndo tumewawekea kikomo.

Tuongeze fao la kukosa ajira la NSSF, lile lililokuja na mabadiliko ya 2018 baada ya fao la kujitoa kuondolewa. Asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia miezi 18 au zaidi. Kwa mshahara wake ni kama laki na arobaini kwa mwezi, mara sita, laki nane na arobaini. Jumlisha na kile kiinua mgongo inakaribia milioni mbili. Hiyo ndo hela ambayo nchi inasema inamtosha aliyepoteza kazi ya miaka 19, haifiki hata mishahara mitano, na hapo nimefanya kama kila mwajiri amepeleka michango yote kwa wakati na kila mtu amehesabiwa kuwa na sifa za fao, mambo ambayo nyie NSSF mnajua vizuri kuliko mimi yalivyo.

Akipata kibarua cha laki mbili na ishirini kwa mwezi mzuri, anapungukiwa laki mbili kila mwezi. Ile milioni mbili inaziba pengo miezi kumi. Mwezi wa kumi na moja anaanza kuziba kwa vitu vyake.

Na vitu vyenyewe huku kwetu ni miti. Mnajua mtu wa Mufindi akipata kamshahara anafanya nini, ananunua nusu eka anapanda mipaini, ndo benki yake, ndo ada ya mtoto chuo, ndo uzee wake. Kiwanda kikifungwa watu mia wanaamka asubuhi moja wote wanataka kuuza msitu. Madalali wananusa. Mipaini ya miaka nane, bado myembamba, ingekaa miaka mingine saba nane ingekuwa hela ya kueleweka, inauzwa kwa bei ya nguzo za uzio, na mnunuzi anakuambia kabisa kuna mwenzako pale juu ananipa kwa chini ya hapo. Hiyo hasara haiko kwenye takwimu ya mtu yeyote, haiko kwenye mshahara, lakini ni ya kazi ileile. Nimemshuhudia dada mmoja aliyekuwa kwenye kuchambua madaraja ya chai, akiuza shamba lake kwa mtu ambaye alikuwa msimamizi wake, maana msimamizi yeye alipata kazi sehemu nyingine haraka na alikuwa na akiba. Dada sasa anauza chakula stendi, na ugali wake mtamu kwa kweli, lakini anapika kwa sufuria za kukodi.

Hapo hapo anakuja afisa anatuambia mjiajiri, limeni parachichi. Wakubwa, parachichi tunalipenda, Njombe na Rungwe watu wamejenga kwa parachichi, ila mche wa hasi, ile aina ya parachichi, unaanza kukupa kitu cha maana mwaka wa tatu wa nne huko, na michango ya shule inadaiwa mwezi wa kwanza. Halafu mtaji natoa wapi? Mnasema kuna mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Sawa, ni mikopo mizuri na haina riba, siipingi. Lakini yule bwana wa miaka 48 siyo mwanamke, siyo kijana, hana ulemavu. Alienda kata, wakamsikiliza vizuri tu, wakamwambia mzee wewe huna dirisha. Mwanaume wa makamo aliyepoteza kazi ni kati ya watu ambao tafiti hizo zinawataja kwamba wanaporomoka na hawaamki, na ndiye ambaye hana dirisha kwenye halmashauri. Mkeo achukue kwenye kikundi, ndo ushauri aliopewa.

Kuhusu mafunzo nasema kwa kifupi. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, mtu aliyejifunzia kazini anapimwa anapewa cheti bila kukaa darasani miaka. Kitu kizuri sana na kimefika kwa mafundi wengi wa ujenzi, magari na upishi. Ombi langu ni kwamba hao wapimaji waletwe kiwandani kabla mashine hazijazimwa. Fundi boila anapimwaje ujuzi wake wakati boila imepoa na geti lina kufuli? Sheria tayari inamtaka mwajiri anayetaka kupunguza watu atoe taarifa mapema na akae mezani na chama cha wafanyakazi wajadili sababu, nani ataguswa na lini. Wiki hizo ndo VETA wanatakiwa wawe ndani ya geti. Mtu anatoka na cheti cha umeme wa viwandani au cha boila, anaweza kwenda Makambako, Mbeya au hata Tunduma akaongea na mwajiri kama fundi, siyo kama mtu anayeomba kubeba. Kile kikaratasi cha mwajiri kinachosema fulani alikuwa mfanyakazi wetu toka mwaka fulani hakimwambii mtu unajua nini.

Na tukiwa hapo kwenye taratibu, mnajua ukitaka kulalamika CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kwamba umeachishwa isivyo halali una siku 30 tu? Thelathini. Na kawaida ya huku ni kwamba siku hizo 30 zote mnaambiwa subirini, hela inaingia wiki ijayo, msiende kwenye sheria mtaharibu mazungumzo. Watu wanasubiri kwa heshima, tumelelewa hivyo, siku ya 40 mtu anaenda anaambiwa ndugu umechelewa, andika barua ya kuomba kuongezewa muda na ueleze sababu za msingi. Mzee wa miaka 50 ambaye hajawahi kuandika barua ya aina hiyo maishani. Anarudi zake nyumbani.

Sasa niwageukie NSSF, na hapa ndo moyo wa barua yangu ulipo. Wale wachumi wa Pennsylvania hawakupita mtaani na madodoso wakiuliza watu unapata ngapi. Walichukua kumbukumbu za mishahara ambazo waajiri walikuwa wanapeleka serikalini kila robo mwaka kwa ajili ya bima ya ukosefu wa ajira, wakaangalia jina kwa jina, huyu alikuwa kampuni hii analipwa hivi, akapotea, akaibuka kampuni ile analipwa vile. Basi. Nyie mna kitu hicho hicho. Kila mwezi mwajiri analeta orodha yenye jina, namba ya uanachama na mshahara, maana mchango ni asilimia 20 ya mshahara na bila mshahara hakuna hesabu. Chukueni orodha za viwanda vyote vya chai vilivyosimamisha uzalishaji Mufindi, Njombe na Rungwe, angalieni wangapi wameibuka tena kwenye mfumo, baada ya miezi mingapi, kwa mshahara gani, na wangapi hawajaonekana tena kabisa kama mimi. Hamhitaji mfadhili wala warsha ya siku tatu kwa ajili ya hilo.

Ninavyoona mimi wengi hawataonekana, na hiyo peke yake itawaambia kitu, kwa sababu mtu asiyeonekana kwenu mwaka wa tano ndo mtu ambaye hatafikisha miezi 180 ya michango ya kupata pensheni. Hasara ya kazi ile anaenda nayo hadi uzeeni. Na haiishii kwake, huko Kanada walifuatilia watoto wa kiume ambao baba zao walipoteza kazi makampuni yalipofungwa, wakakuta wamekua na wao wanapata pungufu kwa kama asilimia 9 kulinganisha na wenzao ambao kampuni za baba zao hazikufungwa. Watoto hawakufukuzwa kazi na mtu.

Haya mambo siyo mageni kwetu. Mgololo kiwanda cha karatasi kilishawahi kusimama kabla ya kubinafsishwa 2004, Mbeya kulikuwa na kiwanda cha Zana za Kilimo na cha nguo, na wazee waliotoka huko bado wapo, wengine tunakunywa nao ulanzi jioni. Ukikaa nao hawaongelei ile bahasha ya mwisho waliyopewa ilikuwa ndogo, wanaongelea kwamba baada ya pale hawakuwahi tena kulipwa kama mtu mwenye kazi yake. Hesabu ya hao ilifanywa wapi? Na sasa ni zamu ya chai, na kesho itakuwa kitu kingine.

Mei Mosi 2025 pale Singida tulisikia kima cha chini cha serikali kinapanda kutoka 370,000 kwenda 500,000, na sekta binafsi nayo ikapandishiwa kuanzia Januari 2026. Tulipiga makofi hata sisi ambao hatuhusiki. Lakini kima cha chini kinamlinda aliyepo kwenye ajira inayofahamika, anayelipwa kwa ubao hakimgusi, kwa hiyo kila mkipandisha pengo kati yake na alikokuwa linazidi kupanuka. Simaanishi msipandishe.

Ninachoomba hakina maneno mengi. Wabunge wetu, pelekeni hoja ya kuondoa kile kikomo cha miaka 10, na zile siku saba ziangaliwe upya kwa aliyekaa muda mrefu, hata kama waajiri watapiga kelele, na watapiga, na wengine wana hoja maana soko la chai kweli limekuwa baya, basi kaeni nao mtafute mfuko wa pamoja badala ya kumwachia mwajiri anayefilisika alipe peke yake, kwa sababu anayefilisika halipi. Wizara, siku 30 za CMA zianze kuhesabiwa siku mtu anapolipwa stahiki zake au kukataliwa kwa maandishi, siyo siku geti linafungwa. Tamisemi na halmashauri, fungueni dirisha la aliyepoteza ajira bila kuuliza jinsia wala umri, mtu aje na barua yake ya kuachishwa na kadi ya NSSF. VETA nimeshasema.

Na mkuu wa mkoa, ukija tena Mufindi kuongea na waliokuwa wafanyakazi wa viwanda, usiwaite ukumbini asubuhi maana muda huo wako kwenye vibarua na hawatakuja, watakuja wale wasio na kazi ya kufanya na utaondoka na picha isiyo sahihi. Njoo jioni, kwenye saa kumi na mbili, pale wanapopakia mbao, uje na mtu wa NSSF ana kompyuta yake, kila mtu ataje namba yake ya uanachama aulizwe mchango wake wa mwisho uliingia lini na sasa analipwa ngapi. Mimi nitaleta daftari, kuandika orodha ndo kazi yangu.

Wenu,
Stoo kipa wa zamani, Mafinga